Demokrasia kama mfumo wa utawala: nani ana haki ya kumwuliza anayetutawala?

Mwalimu wa Katuba (mwanzisha uzi)

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote. Nafundisha elimu ya uraia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila mwaka ninapofika kwenye somo la demokrasia wanafunzi hunijibu kwa sauti moja kwamba demokrasia ni kupiga kura. Wazazi wao hujibu vivyo hivyo, ila wao huongeza neno la uchungu: tumepiga kura 2006, 2011, 2018 na 2023, na bado maji hayafiki mtaani. Naanzisha uzi huu kwa sababu naona jibu hilo limetupunja wote. Kura humweka mtu madarakani. Kinachomfanya awe mtawala wa kidemokrasia ni mambo yanayofuata baada ya kura: analazimika kujibu anapoulizwa, muda wake una mwisho unaojulikana tangu mwanzo, na tunaweza kumwondoa bila damu kumwagika.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo wananchi waliikubali katika kura ya maoni ya Desemba 2005 kwa takriban asilimia 84, inalisema jambo hili waziwazi katika kifungu cha 5. Mamlaka yote hutoka kwa wananchi, nao huyatumia wenyewe kwa kura ya maoni au kwa uchaguzi, au kupitia wawakilishi wao. Kisha kinaongeza kwamba hakuna sehemu yoyote ya wananchi, wala mtu yeyote, anayeweza kujitwalia matumizi ya mamlaka hayo. Ninapofundisha, husimama kwenye sentensi hiyo ya mwisho kwa muda mrefu. Mtu aliyechaguliwa kwa kura halali anaweza kuivunja siku yoyote ya miaka yake mitano, iwapo atakataa kuhojiwa, atawanyamazisha wanaomwuliza, au atakalia kiti baada ya muda wake kwisha.

Watu wa Athens, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walilielewa jambo hili mapema. Viongozi wao wengi walipatikana kwa kupiga bahati nasibu miongoni mwa raia, wala hawakuchaguliwa kwa kura, na hata hivyo tunauita utawala wao demokrasia. Sababu mojawapo ni kwamba kila mwenye cheo, mwaka wake ulipokwisha, alipaswa kusimama mbele ya wakaguzi na kutoa hesabu ya fedha na ya matendo yake, na raia yeyote aliruhusiwa kumshtaki. Ni kweli kwamba wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa miongoni mwa hao raia, na hiyo ni doa kubwa lisilofutika. Hata hivyo, ule wajibu wa kutoa hesabu ni urithi ambao sisi tumeuacha, tukabaki na sanduku la kura peke yake.

Hapa mjini kwetu historia hii ni ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Desemba 1957, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua watu wa mabaraza ya komini, yaani sehemu ambazo mji umegawanywa, sawa na wenzao wa Léopoldville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa na Likasi. Walipiga kura wanaume tu. Juu ya maburgumestre wapya, yaani wakuu wa komini, aliendelea kukaa mkuu wa mji Mbelgiji, na Gavana Mkuu aliendelea kuteuliwa kutoka Brussels. Wazee wetu walipewa kura, lakini hawakupewa haki ya kumwuliza yule mwenye mamlaka ya kweli. Nauliza basi: tangu siku hiyo, hali hiyo imebadilika kiasi gani? Karibuni tujadiliane kwa heshima.

Mkaaji wa komini ya Kenya

Mwalimu, nakushukuru kwa kuleta mada hii. Mimi nina shaka moja ambayo naomba uijibu bila kuizunguka. Mababu zetu walitawaliwa na machifu, hawakupiga kura, na vijiji vilikaa kwa utaratibu. Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa mfanyakazi wa migodi, alisema hadi siku ya kufa kwake kwamba wakati wa Mobutu mtu alitembea usiku kutoka Kamalondo hadi Kenya bila hofu, na mshahara ulitosha kulipia shule ya watoto wote. Je, hatukupoteza amani ili tupate uchaguzi? Na je, si kweli kwamba nchi kama yetu, yenye makabila mengi, inahitaji kwanza mkono wenye nguvu?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu yangu wa Kenya, shaka yako ni ya haki na nitaijibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa inarudiwa katika nyumba nyingi za mji huu.

Kuhusu machifu, tusiwasingizie mababu kwamba walikubali kutawaliwa na mtu asiyeulizwa. Katika tawala nyingi za jadi chifu alikaa na wazee, aliwasikiliza, na aliyezidisha ukali aliona watu wakihama na kumwachia ardhi tupu. Ni serikali ya kikoloni iliyomgeuza chifu kuwa karani wa kodi, ambaye alimjibu mkubwa wa Kizungu na si watu wake.

Kuhusu Mobutu, tuangalie tarehe. Alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965 akiahidi kuyashika kwa miaka mitano, akaondoka Mei 1997. Katika uchaguzi wa 1970, wa 1977 na wa 1984 mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Kura zilipigwa, mistari ilipangwa, matokeo yalitangazwa. Kwa yule anayedhani kwamba demokrasia ni kupiga kura, hiyo nayo ingekuwa demokrasia. Kilichokosekana ni swali. Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia barua ndefu wakieleza jinsi nchi inavyoharibika, wakaishia kuondolewa bungeni na kukamatwa.

Sasa tuje kwenye ule mshahara wa baba yako, ambao ulikuwa wa kweli na wala sitaki kuudharau. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikia hata tani 50,000. Shaba ilikuwa bado ardhini. Bei ilishuka na kupanda kama kawaida yake, lakini fedha za kutengeneza mashine na kuimarisha machimbo zilikwenda kwingine kwa miaka mingi, mpaka mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na bunge, gazeti wala mahakama iliyoweza kuuliza fedha zimekwenda wapi. Amani aliyoisifu marehemu baba yako ilijengwa juu ya hesabu ambazo hazikufunguliwa, na zilipofunguka, mshahara wake ulikuwa umekwisha kuliwa.

Wala mkono huo wenye nguvu haukuleta usalama kwa kila mtu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba vyama vingi vitaruhusiwa. Haikupita hata wiki ya tatu, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa vitandani mwao. Mpaka leo watu hawakubaliani kuhusu idadi ya waliokufa, kwa sababu aliyekuwa na majibu hakulazimika kuyatoa.

Mwanasheria wa Kampemba

Mwalimu ameeleza vizuri upande wa kutoa hesabu. Mimi ningependa turudi kidogo kwenye kura yenyewe, kwa kuwa hata hapo kuna jambo ambalo raia wengi hawaliangalii, nalo ni swali la nani anahesabiwa kuwa ameshinda.

Katiba ya 2006 ilipoandikwa, kifungu cha 71 kilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na akikosa, wawili wa kwanza warudi kwa wananchi katika duru ya pili. Ndivyo ilivyokuwa mwaka huo: wagombea 33 tarehe 30 Julai, kisha Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba tarehe 29 Oktoba, na mshindi akapata asilimia 58. Januari 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi uliofuata, Bunge lilirekebisha Katiba na kuondoa duru ya pili, hivi kwamba anayetangulia, hata kwa kura chache, ndiye rais. Mwaka 2011 mshindi alitangazwa kwa takriban asilimia 49. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa asilimia 38.57, yaani zaidi ya watu sita kati ya kila kumi waliopiga kura walikuwa wamemchagua mtu mwingine. Mwaka 2023 alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 73. Sisemi haya kwa kumlenga mtu yeyote, nasema kanuni yenyewe ina kasoro. Rais anayejua kwamba asilimia 38 zinamtosha hana sababu ya kuwatafuta watu wa mikoa isiyompenda, na nchi yenye ukubwa wa kwetu haiwezi kustahimili jambo hilo kwa muda mrefu.

Majirani zetu wa Zambia walikwenda upande wa pili. Tangu marekebisho ya Katiba yao ya 2016, mshindi wa urais lazima avuke asilimia 50. Malawi nayo, Februari 2020, mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia, ikaeleza kwamba wingi unaotakiwa ni zaidi ya nusu, na uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huo, rais aliyekuwa madarakani alishindwa. Nchi ya Kenya ilikuwa imeonyesha njia tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais. Demokrasia hukomaa pale ambapo hata mshindi anaweza kuambiwa na majaji kwamba hakushinda, naye akatii.

Niongeze jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa kuwa 2018 nilikuwa shahidi katika kituo cha kura kilichowekwa darasani. Usiku, umeme haupo, kura zilihesabiwa kwa taa za simu. Karani aliinua kila karatasi juu ili mashahidi wote waione, akasoma jina kwa sauti, na mwenzake akachora kistari ubaoni, vistari vinne na cha tano kikiwakata wenzake, kwa chaki. Hakuna aliyesinzia. Tulipomaliza tulitia sahihi karatasi ya matokeo, na nakala ikabandikwa mlangoni. Kwa saa zile chache, wafanyakazi na mashahidi wa vyama vinavyochukiana walikuwa wakilindana na kuaminiana, kwa sababu kila kitu kilifanyika mbele ya macho. Mashaka yalianza karatasi zilipoondoka pale. Kanisa Katoliki, ambalo lilikuwa na waangalizi takriban 40,000 nchini kote, lilitamka Januari 2019 kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na takwimu zake, na matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa ili raia alinganishe na ile karatasi ya mlangoni. Hapo ndipo ninapokubaliana na Mwalimu kabisa: swali liliulizwa na halikujibiwa.

Mama wa soko la Ruashi

Wana wangu, nawasoma na nawashukuru, maana mnaandika kwa adabu. Mimi ni mwuzaji wa unga, nao unga mwingi wa bukari, yaani ugali, tunaokula hapa unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Nimekwenda huko kwa miaka mingi. Nilikuwa bado msichana Kaunda aliposhindwa mwaka 1991 akakubali na kuondoka, na mwaka 2021 niliona tena rais akishindwa na mtu ambaye miaka minne nyuma alikuwa gerezani kwa mashtaka ya uhaini. Wanunuzi wangu wa Chililabombwe hawakufunga hata maduka kwa siku nyingi. Wana umaskini wao, tusidanganyane, lakini mimi nauliza: wao wana nini ambacho sisi hatuna?

Nawaambia tena kisa kidogo. Avenyu yetu ilichanga fedha za mfereji, maana kila mvua ya Januari maji yaliingia ndani ya palseli, yaani viwanja vya nyumba zetu. Kila nyumba ilitoa, hata wajane. Baada ya miezi, mfereji ulifika katikati ukasimama. Wanaume walinong'ona barazani, hakuna aliyesema. Sisi wanawake tulikwenda kwa yule aliyeshika fedha, jioni, tukakaa chini, tukamwomba daftari. Alikasirika. Tukabaki tumekaa. Mwishowe alilileta, tukasoma mstari kwa mstari chini ya taa: saruji mifuko kadhaa, mchanga lori moja, kibarua, na ukurasa mmoja uliokuwa na jumla bila maelezo. Tuliuliza kuhusu ukurasa ule mpaka akarudisha sehemu ya fedha, na mfereji ukaendelea. Hatukumchagua mtu siku ile. Je, Mwalimu, jambo lile nalo ni demokrasia, au ni ugomvi wa majirani?

Mwalimu wa Katuba

Mama yangu, shikamoo. Lile jambo ni demokrasia kamili, na kisa chako kimesema vizuri kuliko aya zangu zote. Mlifanya kazi ambayo Katiba inaipa Bunge: kifungu cha 138 kinawapa wabunge haki ya kuuliza maswali kwa mdomo na kwa maandishi, kumwita waziri ajieleze, na kuunda tume ya uchunguzi. Daftari lile ni bajeti, na kuketi kwenu mpaka lilipoletwa ni udhibiti.

Kuhusu swali lako la Zambia, nitataja jambo moja ambalo kwangu ndilo zito. Tangu 2016 wao huchagua meya wa mji kwa kura ya wananchi moja kwa moja. Mkaaji wa Ndola au Kitwe anayeona takataka barabarani anajua jina la mtu aliyemchagua na anajua mwaka atakaporudi kuomba kura. Sisi tumeanza kujenga nyumba kutoka paa. Tangu 2006 tumechagua rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo. Gavana wa jimbo letu la Haut-Katanga huchaguliwa na wabunge wa jimbo, na maseneta vilevile, yaani na kundi dogo la watu wanaoweza kukutana katika ukumbi mmoja, na kila msimu wa uchaguzi huo malalamiko ya bahasha za rushwa husikika nchini kote. Wakati huo, meya, maburgumestre na wakuu wa mitaa wameteuliwa kutoka juu. Mtu anayeteuliwa humtazama aliyemteua.

Madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii katika uchaguzi wa Desemba 2023, miaka 17 baada ya uchaguzi wa kwanza wa rais, tena katika miji mikuu ya majimbo tu. Komini zote saba za Lubumbashi zilipiga kura hiyo: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Watu wa vijijini, wanaoishi katika sekta (tawala ndogo za mashambani) na katika tawala za machifu, ambako migodi mingi iko, hawakupata nafasi hiyo.

Naomba msichoke, kwa kuwa hapa kuna fedha. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrahaba unaolipwa na kila kampuni ya madini kwa namna hii: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa chifu ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 ya mrahaba wa shaba na kobalti si fedha ndogo hata kidogo. Kuna sekta ambazo kabla ya sheria hiyo hazikuwa na mashine ya kuandikia, na baadaye zikaanza kupokea fedha kuliko zilivyowahi kuota. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu tawala za mahali inasema kwamba baraza lililochaguliwa ndilo linalopitisha bajeti na kumdhibiti mtendaji. Mahali ambapo baraza halijachaguliwa, bajeti hupitishwa na yule yule anayeitumia. Wasomi wa Kinshasa hujadili demokrasia kwa kumtazama rais. Mimi naona mapambano yake makubwa kwa vizazi vyetu huku Katanga yatakuwa katika ofisi za sekta, juu ya daftari la ile asilimia 15, sawasawa na lile la mfereji wenu.

Ninaamini hivyo kwa moyo wote. Raia ambaye hajapata kumwuliza burgumestre hataweza kumwuliza rais.

Mzaliwa wa Likasi

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita katika mji huu. Mnasema mamlaka ni ya wananchi. Mimi nilikuwa mtoto Likasi mwaka 1992, familia yetu ina asili ya jimbo la Kasai, ingawa babu yangu alizaliwa Katanga na lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Watu waliotufukuza walisema kwamba wao ni wananchi, wao ni wengi, na nchi ni yao. Tulilala kwenye stesheni ya reli pamoja na maelfu ya wengine tukisubiri treni ya kwenda mahali ambapo sikupajua. Wadogo walikufa pale kwa kuhara. Hiyo ilikuwa miaka ile ile ambayo Kongamano Kuu la Kitaifa lilikuwa likikaa Kinshasa na kila mtu akitamka neno demokrasia. Naomba mtu anieleze: wengi wakiamua kuwafukuza wachache, je, hiyo si sauti ya wananchi?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu yangu, pole sana, na asante kwa kuthubutu kuandika. Wengi wetu wa Lubumbashi tuliyaona yale na tukanyamaza.

Jibu langu ni kwamba hapana, ile haikuwa sauti ya wananchi. Wananchi ambao kifungu cha 5 kinawataja ni wote, na ndiyo maana kinakataza sehemu yao kujitwalia mamlaka. Wengi wana haki ya kuchagua nani aongoze na kodi itumike vipi. Hawana haki ya kupiga kura kuhusu nani ni mtu. Waandishi wa Katiba walijua walikotoka, kwa hiyo katika kifungu cha 220 walifunga milango fulani isifunguliwe hata na wingi wa asilimia 99: sura ya jamhuri, kura ya wote, idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi, na katazo la kupunguza haki na uhuru wa mtu. Kila mara mnaposikia mjadala kuhusu kubadili Katiba, ulizeni kwanza ni mlango upi unaoguswa. Wapo wanaodhani kifungu hicho kinawafunga wananchi mikono. Mimi nadhani kinamlinda mtoto aliyelala stesheni ya Likasi.

Mwanasheria wa Kampemba

Kwa kuunga mkono, nitoe mfano wa namna chombo kizuri kinavyoweza kutumika kwa nusu. Tarehe 27 Januari 2021 Bunge la Taifa liliiangusha serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba kwa hoja ya kutokuwa na imani, kwa kura 367. Kwa utaratibu, jambo lile ni la kupongezwa: serikali iliondolewa kwa kura na siyo kwa risasi. Lakini wengi wa wabunge hao walikuwa wamechaguliwa upande wa serikali ile ile, wakahamia upande wa pili katika muda wa wiki chache, na sikumbuki hata mmoja aliyerudi jimboni kwetu kuwaeleza wapiga kura sababu yake. Kifungu cha 101 kinasema kwamba mbunge anawakilisha taifa zima na hawezi kufungwa na maagizo ya wapiga kura wake. Kanuni hiyo ni nzuri, kwa kuwa inamkinga mbunge asiwe mateka wa kundi. Haimwondolei, hata hivyo, wajibu wa kueleza.

Mzaliwa wa Goma, mkaaji wa Lubumbashi

Nitasema machache. Mwaka 2018 kura za Beni na Butembo ziliahirishwa hadi Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa Januari. Watu zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa. Mwaka 2023 ndugu zangu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita, na tangu mwisho wa Januari 2025 Goma yenyewe iko mikononi mwa waasi wa M23. Wanaotoza kodi na kuteua wakuu huko hawakuchaguliwa na mtu, na hakuna daftari la kuomba. Ninyi mnaoweza bado kuandika barua kwa burgumestre wenu mkarudi nyumbani salama, iandikeni. Kuna miji ambako barua hiyo haiwezekani.

Mama wa soko la Ruashi

Mwanangu wa Goma, Mungu awalinde wako. Mwalimu, umesema tuulize. Sisi watu wa sokoni tunalipa ushuru wa kila siku, choo hakuna, takataka zinabaki wiki nzima. Barua hiyo inaandikwaje, na itasomwa na nani?

Mwalimu wa Katuba

Mama, kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kama mnataka, kwa kuwa kifungu cha 1 kinakitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Ila ambatanisheni na nakala ya Kifaransa, ambayo mwanasheria wetu wa Kampemba nadhani hatakataa kuwasaidia. Ombeni jambo moja linalojibika: ushuru uliokusanywa sokoni katika miezi sita iliyopita ni kiasi gani, na umetumiwa kwa kazi gani. Msichanganye na malalamiko mengine. Kila mmoja aandike jina lake, namba ya kadi yake ya mpiga kura, na atie sahihi au alama ya kidole.

Toeni nakala tatu. Moja iende kwa burgumestre, ya pili kwa madiwani wa komini mliowachagua 2023, na ya tatu mbaki nayo baada ya kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kugonga muhuri, msiondoke, kama mlivyofanya siku ya daftari. Miezi mitatu itahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.

Mwanasheria wa Kampemba

Niko tayari, Mama. Leteni rasimu Jumamosi asubuhi, nami nitaitafsiri bila malipo.

Mkaaji wa komini ya Kenya

Mwalimu, nimesoma yote. Naomba nakala ya maandishi hayo ya kifungu cha 27. Soko letu nalo linalipa ushuru.